Mwanangu Uliyetoka Soba

Mwanangu, keti kwanza. Simu iweke kifudifudi. Chai bado ya moto, na mimi siku hizi sinywi kitu kwa haraka.

Umetoka soba juzi, nyumba ya kuachia unga, na jana tayari umeniuliza watu wataanza lini kukuamini. Swali hilo nalijua. Mimi gongo ilinilaza wodini wiki tatu, nikatoka mwepesi kama unyoya, nikafika nyumbani nikidhani nitachinjiwa kuku. Mama akanipa kiti. Akanimiminia chai. Kisha akainuka, akachukua pochi yake juu ya kabati, akaenda nayo chooni. Chooni, mwanangu.

Niliumia. Nikasema moyoni, kama ndivyo hivi, kuacha kuna faida gani? Siku ya tisa nilikuwa kilabuni.

Nilikuja kuacha baadaye sana, na msaada niliupata mahali ambapo usingepadhania. Pale Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Wabuddha. Lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, na umri wake ni kama miaka 100 sasa. Uani kuna mti mkubwa wa jamii moja na mikuyu yetu. Wenyewe wanauita mti wa Bodhi. Mlinzi wa pale alikuwa mteja wangu wa baiskeli. Siku moja nikampelekea baiskeli yake mchana wa jua kali, mikono inanitetemeka hata spana siishiki sawasawa. Nikaketi kivulini. Akatoka mtawa amejitanda shuka la rangi ya bizari. Hakuniuliza dini wala kabila. Aliniuliza kama nimekula.

Sasa usiende kumwambia shehe kwamba nakufundisha kuabudu masanamu. Swala zangu ziko palepale. Nilichookota kule ni namna ya kuketi na nafsi yangu bila kuikimbia, na hicho sikuambiwa nibadili jina ndipo nikipate. Wala usidhani ni mambo ya Waasia peke yao. Yupo Mganda, Bhante Buddharakkhita, mtawa kamili, aliyeanzisha kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe mwaka 2005.

Huyo wanayemwita Buddha alikuwa mtoto wa mkubwa. Siddhartha Gautama, mzaliwa wa Lumbini, ambako leo ni Nepal, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Masimulizi yanasema alilelewa kwa raha tupu. Siku alipoona mgonjwa, mzee na maiti, raha ikamtumbukia nyongo. Akiwa na miaka 29 akaondoka usiku, akaacha mke na mtoto mchanga. Tuseme ukweli, alitoroka. Mimi nami nilitoroka watoto wangu, ingawa mimi nilikuwa ndani ya nyumba ileile.

Akaenda msituni, akajinyima chakula miaka sita. Wanasema alikonda hata akishika tumbo anagusa uti wa mgongo. Hapa ndipo nilipompenda, kwa sababu alikuwa amehama kutoka ulevi mmoja kwenda ulevi mwingine. Kwanza raha bila kiasi, halafu mateso bila kiasi. Mwanamke mmoja, Sujata, akampa wali wa maziwa, akala. Wenzake watano waliokuwa wakijitesa naye wakamuona amelegea, wakamsusa. Yeye akaenda zake kuketi chini ya mti pale Bodh Gaya, mti wa namna ileile ya ule wa Upanga. Alipoinuka alikuwa na la kusema, na wa kwanza aliowatafuta awaambie ni walewale watano waliomsusa.

Aliwaambia mambo manne. La kwanza, maisha yana dukkha. Neno hili watu hulitafsiri mateso, lakini mtawa alipojua mimi ni fundi baiskeli alinieleza kwa gurudumu. Wapo wasomi wanaosema asili yake ni tundu la ekseli lisilokaa vizuri. Hapo nikaelewa mara moja. Baiskeli ya namna hiyo inakwenda, inabeba hata mkaa, lakini kila mzunguko inakugonga. Unaweza kuipaka rangi mpya. Itakugonga tu.

La pili ni chanzo chake, na chanzo wanakiita tanha. Nikauliza maana yake. Akaniambia, kiu.

Kiu! Nilicheka hadi mlinzi akageuka. Miaka 17 nimeambiwa mimi mpumbavu, mimi nimerogwa, mimi nimelaaniwa, na kumbe kuna mtu wa kale aliyeutaja ugonjwa wangu kwa neno ambalo hata kilabuni tunalitumia. Tena alisema binadamu wote wanayo, siyo mateja na walevi tu. Mmoja ana kiu ya cheo, mwingine ya kusifiwa. Yangu ilikuwa inanuka, basi.

La tatu, kiu hiyo inaweza kuzimika. La nne, ipo njia ya kufika huko, na njia ina vipengele vinane ambavyo leo sitakuchosha navyo. Vinagusa unavyoona mambo, unavyosema, unavyotenda, unavyotuliza akili. Kimoja kinahusu riziki, na hicho kilinichoma. Wabuddha wanaambiwa wasifanye biashara ya vileo, na mimi madumu ya muuza gongo nilikuwa nayabeba kwa baiskeli yangu, ujira wangu kikombe.

Ngoja nikueleze lililonifaa kuliko yote. Kiu ikija, unaketi. Huiombi iondoke, wala huitii. Unaitafuta iko wapi. Kooni? Kwenye taya? Viganjani? Unavuta pumzi na kuitazama kama unavyotazama maji yakijaa pale Feri. Yangu ilianzia chini ya ulimi, ikapanda masikioni, ikawa kama kelele. Nikajua sasa nakufa. Kisha ikashuka. Kesho yake ikarudi, ikashuka tena. Nilishangaa, maana miaka yote ile sikuwahi kuingoja hata mara moja nione mwisho wake.

Lakini nisikudanganye. Arosto, yale maumivu ya mwili ulionyimwa kilevi chake, siyo jambo la kuketi chini ya mti. Mlevi wa siku nyingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege, anaweza kufa. Huyo ni wa hospitali. Na wewe wa unga, kama daktari amekuandikia methadoni, kainywe. Kliniki ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na nawajua watu wazima wenye kazi na wajukuu ambao wako hai kwa sababu ya foleni ile ya asubuhi. Anayekwambia hujaacha kwa kuwa unakunywa dawa, msalimie tu, upite.

Wabuddha wa kawaida wana mambo matano ya kushika, na la tano ni kujiepusha na vileo. Ila hawalisemi kama amri. Wanalisema kama zoezi ambalo mtu anajichukulia mwenyewe. Nilipoanguka kwa mara ya pili, sikwenda Upanga mwezi mzima kwa aibu. Nilipokwenda, mtawa hakuhesabu miezi. Aliniambia nilichukue zoezi upya. Nikalichukua palepale, mdomo bado una harufu.

Wewe ni mbishi, mwanangu, na nakupenda kwa hilo. Basi ujue Buddha naye alikuwa mbishi. Nchi yao ilikuwa imepanga watu kwa matabaka. Walipokuja vijana wa ukoo wake wa kifalme kutaka utawa, pamoja na kinyozi wao Upali, alimpokea kinyozi kwanza, ili wale wakubwa wamwinamie kinyozi kama mtangulizi wao. Watu wa ukoo wa Kalama nao walipomuuliza wamwamini nani kati ya walimu wengi waliokuwa wakipita kwao, aliwaambia wasikubali neno kwa sababu tu limerithiwa, limeandikwa, au limesemwa na mwalimu wao. Walipime kwa matunda yake. Hapo na yangu haya uyapime vivyo hivyo.

Kosa langu jingine lilikuwa bidii. Unacheka? Nilipoonja utulivu kidogo, nikautaka wote kwa wiki moja. Nikawa naketi kwa muda wa saa mbili alfajiri, na saa mbili nyingine usiku, magoti yamevimba. Usiku mmoja jirani alifungulia redio, nikamfuata mlangoni nikamtukania mama yake kwa kunivurugia amani yangu. Nilirudi ndani nikaketi tena, eti naendelea.

Mtawa akanisimulia habari za Sona, mtawa wa zamani zile, aliyetembea huku na huko akijizoeza hadi nyayo zikatoka damu, akakata tamaa. Kabla ya utawa alikuwa mpiga ala ya nyuzi. Buddha akamkumbusha nyuzi zake. Zikikazwa mno hazitoi sauti, zikilegea mno hazitoi sauti. Muulize mpiga udi yeyote wa taarabu, atakwambia hivyo hivyo, na atakwambia pia kwamba nyuzi hazikazwi mara moja zikatosha. Kila ukitaka kupiga unakaza upya. Tangu siku hiyo naketi dakika 20. Siku nyingine nalala usingizi humo humo. Sijali.

Sasa turudi kwenye swali lako la jana, la lini watu watakuamini.

Kulikuwa na jambazi, Angulimala. Alivaa shada la vidole vya watu aliowaua. Siku moja akamkimbiza Buddha barabarani, anakimbia kwa nguvu zote, na mwenzake anatembea tu, wala hamfikii. Akapiga kelele akimwamuru asimame. Akajibiwa kwamba huyo anayefukuzwa amekwisha kusimama siku nyingi. Ambaye hajasimama ni yeye. Jambazi akatupa silaha, akawa mtawa.

Wengi wakisimulia huishia hapo. Mimi napenda kinachofuata. Asubuhi moja Angulimala aliingia mjini na bakuli lake kuomba chakula kama watawa wote. Watu wakamtambua. Huyu akarusha bonge la udongo, huyu fimbo, huyu kigae. Alirudi kichwa kinachuruzika damu, bakuli limevunjika, shuka limechanika. Na hapo alikuwa ameshaacha kweli! Buddha hakuwafuata watu wa mji awaambie wamkome. Alimwambia avumilie, hayo ni matunda ya aliyoyapanda.

Nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni uonevu. Halafu nikamkumbuka mama. Nilimuibia kanga za sanduku. Nilimuibia pesa za sukari yake, na yeye ana kisukari, nilijua zilikuwa za dawa. Yeye alirusha nini? Alikwenda na pochi chooni.

Mwezi wa 14 tangu niache, nilikwenda kumsalimia alasiri. Pochi ilikuwa mezani, ile nyeusi yenye zipu iliyokatika jino. Akasema anakwenda kuangalia maji jikoni. Akatoka, pochi akaiacha.

Kiu ikaja, tena haikuwa hata ya pombe. Ilikuwa ya mkono tu, mazoea yake. Nikaitafuta iko wapi. Ilikuwa kwenye vidole. Nikavuta pumzi. Nje nilisikia anachochea mkaa, anachukua muda mrefu kuliko maji ya vikombe viwili yanavyohitaji.

Akarudi na birika. Akaketi. Akaivuta pochi, akaifungua mbele ya macho yangu, akahesabu noti moja moja hadi ya mwisho. Akaifunga, akairudisha palepale mezani, akaniuliza sukari anitilie vijiko vingapi.