Deni la Anayeshuku

Programu inayoingia kwenye kompyuta kwa siri na kufanya uharibifu, kwa Kiswahili tunaiita programu hasidi. Nalipenda jina hili, ingawa naona limekosea mahali pamoja. Hasidi tunayemjua mitaani ni mtu, na anakujua. Ameona umeezeka upya, mwanao kafaulu, roho ikamuuma. Aliyeunda programu iliyoko kwenye kompyuta yako hakujui hata jina.

Lakini kuna jambo jina hili limelipatia. Husuda haina ushahidi. Biashara inayumba, mwili haueleweki, basi unaanza kuwaangalia watu machoni. Kompyuta ya nyumbani nayo inaanza hivyohivyo: imekuwa nzito, feni inanguruma hata ukiwa hufanyi kitu, kivinjari kinafungua kurasa usizoziomba, antivirusi imezimwa na hakuna anayekumbuka kuizima. Na kila dalili ina maelezo mengine ya kawaida kabisa. Diski imejaa. Mashine imezeeka. Mtoto kabonyeza kitu. Hujui, unashuku tu. Swali langu ni hili: katika kipindi hicho cha kushuku, kabla hujajua, wengine wanakudai nini?

Tuchukue kesi ambayo wengi waliopita chuo hapa kwetu wameionja. Unapeleka fleshi steshenari kuprinti ripoti. Unarudi nyumbani, unaichomeka, na mafolda yote yamegeuka shotikati, vile vialama vyenye kimshale pembeni. Mafaili hayajapotea. Virusi vimeyaficha na kuweka shotikati mahali pake, na ukiibofya inaviendesha virusi kwanza, kisha ndiyo inakufungulia folda lako kama kawaida, ili usishtuke. Tangu hapo kompyuta yako nayo inaambukiza kila fleshi inayoingia. Tunamlaani mwenye steshenari. Naye aliletewa na mteja, mteja kapata kwa mwenzake wa bweni, na huko nyuma hufiki popote. Mnyororo mzima ni wa watu waliotendewa, na papo hapo kila mmoja wao ametenda. Unaibiwa na kufanywa mwizi kwa tendo moja!

Kesi kubwa ya namna hiyo ilianzia Manila, Ufilipino, tarehe 4 Mei 2000. Barua pepe yenye kichwa cha habari ILOVEYOU ilibeba kiambatisho kilichojifanya barua ya mapenzi. Ukikifungua, kinajituma kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha yako ya anwani. Bunge la Uingereza lililazimika kuzima mfumo wake wa barua pepe. Mashtaka hayakufika mbali, maana Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kosa hilo. Takriban miaka 20 baadaye Onel de Guzman alimkiria mwandishi wa habari kwamba yeye ndiye aliyeiunda, akitaka kuiba nywila za intaneti kwa sababu hakuwa na pesa ya kulipia. Mimi kinachonishughulisha zaidi ni wale waliofungua. Walifungua kwa sababu barua ilitoka kwa mtu wanayemfahamu. Silaha ilikuwa jina lako, na imani ambayo watu walikuwa wamekuwekea miaka na miaka.

Hapo ndipo ninapotenganisha hatia na deni. Mbuzi wako akikata kamba usiku akala mahindi ya jirani, hukutenda dhambi yoyote. Hata hivyo asubuhi unaenda kupiga hodi. Huendi kutubu, unaenda kwa sababu mbuzi ni wako na mahindi ni ya mwenzio. Watu wengi wanaogundua akaunti zao zimetumika kuomba pesa kwa marafiki hukaa kimya kwa aibu, wakidhani kutoa taarifa ni kukiri ujinga. Hapana. Ni hodi tu.

Ugumu ni kwamba mbuzi unamwona shambani. Virusi huvioni, na chombo cha kuvitafuta kimo ndani ya mashine ileile unayoishuku. Ken Thompson, mmoja wa walioijenga Unix, alilieleza tatizo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984. Alionyesha kwamba programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine inaweza kufundishwa kupenyeza mlango wa siri, huku msimbo wote ukisomeka safi kabisa. Neno lake lilikuwa kwamba huwezi kuuamini msimbo ambao hukuuandika wote mwenyewe. Yaani hakuna anayeweza. Kuiuliza antivirusi iliyomo ndani ya kompyuta iliyotekwa ni kumwomba mshtakiwa ajitolee ushahidi. Mwaka 1641 Descartes alijiwazia pepo mwenye nguvu anayemdanganya katika kila kitu, akatafuta ndani yake kitu kimoja kisichodanganyika, akakipata: kwamba anafikiri. Heri yake. Mwenye kompyuta hana pa kushika ndani. Inabidi atoke nje: mashine ikaguliwe kwa diski iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine, nywila zibadilishwe kwenye kifaa kingine. Descartes alikaa peke yake kando ya moto. Wewe unaenda kwa jirani kuazima laptopu, na huko lazima useme kwa nini.

Kazi yangu imenifundisha kinyume cha haya ninayotaka kuyatetea. Chumba cha habari kinakuambia: usichapishe unachoshuku, thibitisha. Ni kanuni nzuri na nitaitetea mahali pengine, kwa kuwa shaka ninayoitangaza dhidi ya mtu inamuumiza yeye, siyo mimi. Lakini shaka juu ya mashine yangu mwenyewe gharama yake ni yangu, na nikinyamaza hatari inakwenda kwa asiyejua. Kungoja uthibitisho hapo siyo uangalifu tena. Tena uthibitisho wenyewe, kama tulivyoona, huenda usije.

Haya siyawazi hewani. Kuna wakati kompyuta ya nyumbani kwetu ilionyesha karibu dalili zote nilizozitaja. Jambo la kwanza lililotokea sebuleni halikuwa la kiufundi. Lilikuwa swali: "Nani kachomeka fleshi humu?" Na macho yote yakamwendea mdogo wangu, si unajua, kwa kuwa ndiye mwenye marafiki wa kubadilishana sinema. Kijana alikula chakula chake kimya. Lile swali lilikuwa la kumtafuta hasidi, na halikumsaidia mtu yeyote aliyekuwa hatarini.

Aliyekuwa hatarini hakuwepo pale. Alikuwa mama mmoja aliyekuwa akinisimulia jinsi mishahara inavyokatwa kazini kwake, kwa ahadi kwamba jina lake halitajulikana. Rekodi zake zilikuwa ndani ya mashine hiyo. Nilimpigia siku ileile, kwa simu ya kuazima. Nikamwambia sina hakika, pengine hakuna kitu, lakini pengine kuna mtu ameziona.

Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Ahsante mwanangu. Sasa na mimi niache kidogo." Hakuongea tena kuhusu jambo lile, na habari ile haikuandikwa. Mhariri wangu aliona nimeichoma habari nzuri kwa wasiwasi wa bure. Huenda. Sina cha kumjibu, isipokuwa kwamba hatari ilikuwa ya yule mama, kwa hiyo kuipima ilikuwa kazi yake. Mimi na mhariri hatukuwa na haki ya kumpimia.

Fundi naye alikuja na suluhisho la mafundi wote: "Tupige Windows upya, mkubwa." Ni ushauri mzuri. Tulihifadhi nyaraka na picha, tukafuta kilichobaki, mashine ikarudi nyepesi kama mpya. Watu wengi huona jambo limeishia hapo, na mimi ndipo ninapokataa. Kupiga Windows upya kunasafisha kilichobaki ndani. Hakurudishi kilichokwisha kutoka. Tena kunafuta ushahidi. Umepona, na hutajua kamwe kama uliugua. Kwa mwenye mashine hiyo ni nafuu, analala. Kwa yule ambaye sauti yake ilikuwa humo, hakuna kilichobadilika.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na yule mama kituo cha daladala. Tulisalimiana vizuri tu, akaulizia wa nyumbani, mwisho akauliza kompyuta iliishia wapi. Nikamwambia ilipigwa Windows upya, sasa nzima.

"Siulizi kama imepona," akasema. "Nauliza, ilikuwa inaumwa?"

Daladala yake ilifika sijampa jibu.