Kuingia na Kufaa

Si kila kinachoingia ndicho kinachofaa. Kauli hii ni nyepesi mdomoni, lakini ikipelekwa katika duka la vifaa vya umeme, ikakaa baina ya anayejua na asiyejua, huwa nzito kuliko nondo zilizoegemezwa mlangoni.

Uchukuliwe mfano wa mama mwenye nyumba ya wageni huko Katoro, mkoani Geita. Pangaboi la chumba kimoja lina taa tatu chini yake, zimefunikwa kwa bakuli la kioo, na mbili zimekufa. Mama anachomoa globu moja, anaifunga katika ncha ya kanga, anakwenda nayo dukani na kuuliza swali moja tu: “Iko inayoingia hapa?” Muuzaji anaitazama, ananyoosha mkono kwenye rafu, anampa nyingine. “Inaingia, mama.” Na kweli inaingia. Suala ni hili: je, muuzaji amesema kweli?

Waingereza walipotawala Tanganyika na Zanzibar waliacha globu za pini, ambazo kitako chake kina upana wa milimita 22 na vipini viwili ubavuni. Mapangaboi mengi yaletwayo leo kwa meli huja na matundu ya kuzungusha, ya milimita 27, au yale membamba ya milimita 14. Basi nyumba moja huwa na lugha mbili: ukutani pini, darini skrubu. Lakini hiyo ni tafauti nyepesi, kwani jicho huiona na mkono huikataa. Nzito ni ile isiyoonekana. Globu ya uzi ya wati 40, ya wati 60 na ya wati 100 zote huweza kuwa na kitako kimoja. Kitako hakiulizi wati. Ikiwa pangaboi limeandikwa kwamba kila taa isizidi wati 40, ile ya 100 itaingia kwa ulaini ule ule, itawaka, na chumba kitapendeza. Kisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa globu ya uzi hugeuka joto badala ya nuru, joto hilo litakusanyika ndani ya bakuli la kioo, litakausha plastiki na ngozi ya waya, na huenda usiku mmoja waya mbili zikagusana juu ya kitanda cha mgeni aliyelala. Ilhali kwenye rafu ile ile iko taa ya LED ya wati 9, yenye nuru iliyo karibu na ya globu ya uzi ya wati 60, na joto lake ni dogo. Muuzaji anayajua yote haya.

Watetezi wake watasema kwamba yeye si mlezi wa mnunuzi. Ameulizwa kuhusu kuingia, amejibu kuhusu kuingia. Hakuongeza uwongo wala hakuficha alichoulizwa. Akilazimishwa kusema kila anachokijua, duka litageuka darasa. Tena huenda mama ana fedha ya globu rahisi tu, na kumpa mawaidha mtu asiye na uwezo ni kumwongezea machungu. Na kumhesabu mnunuzi kuwa ni mtu mzima mwenye akili zake nako ni heshima. Hoja hizi si za kupuuzwa.

Hata hivyo, zote zinalichukua swali la mama kana kwamba swali ndiyo haja. Mama aliuliza “inaingia?” kwa sababu hilo ndilo neno alilokuwa nalo. Haja yake ilikuwa nuru iliyo salama. Anayeijua haja ya mwenziwe, kisha akajificha nyuma ya neno la mwenziwe, ameufanya ujinga wa mwenziwe kuwa mtaji wake.

Ukanda huu wa Shinyanga na Geita, ulioijua almasi ya Mwadui tangu 1940, kisha migodi mikubwa ya dhahabu ya Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, ni ukanda uliozoea kupima. Ichukuliwe kwamba muuzaji huyo huyo ana hisa katika duara la wachimbaji wadogo, na jioni anapeleka punje zake kwa mnunuzi wa dhahabu. Anauliza: “Mizani yako inafanya kazi?” Anajibiwa: “Inafanya kazi.” Naam, inafanya kazi, ila mwenyewe anajua kwamba inapunja. Muuzaji wa globu akiligundua hilo atapiga kelele mpaka mji mzima usikie, wala hatakubali kuambiwa kwamba alijibiwa alichouliza. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, dhahabu ikawa inapimwa mbele ya maofisa wa serikali. Maana ujuzi ukiwa upande mmoja, neno “tumekubaliana” halitoshi. Ikiwa gramu ya dhahabu ina haki hiyo, seuze roho ya mtu?

Wapenzi wa mashairi wanaijua tafauti hii bila ya kufika Katoro. Neno la mizani nne huingia popote palipobaki mizani nne, na kina kikatimia. Lakini mshairi mwenyewe anajua lipi limeingia na lipi limefaa, hata msikilizaji akipiga makofi. Ila neno lisilofaa huharibu shairi tu.

Wapi basi mpaka wa wajibu? Muuzaji hadaiwi kila akijuacho. Anadaiwa lile ambalo mnunuzi angeliliuliza lau angelijua. Na hilo ni sentensi moja: “Inaingia, mama, lakini itaunguza pangaboi lako, chukua hii ya LED, au kama fedha haitoshi, ile ya wati 40.” Sentensi hiyo haimnyang’anyi mama utu uzima wake, bali inamrudishia. Akiichagua ya 100 baada ya kuisikia, amechagua yeye. Asipoisikia, aliyechagua ni muuzaji, aliyelipa ni mama, na atakayelala chini yake hakuulizwa.