Dini ya Mtaa na Dini ya Moyo: Nasaha kwa Waendao Chuo Kikuu na Wazazi Wao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka vijana wa pwani huitwa vyuo vikuu. Baadhi yao hubaki karibu, Kilifi au Mombasa. Wengine hupangiwa mbali, na miongoni mwa mbali kabisa ni Lodwar, katika nchi ya Turkana, ambako mwaka 2017 kiliundwa chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kutoka Mombasa hadi huko, kwa njia ya Nairobi na Kitale, ni zaidi ya kilomita 1,000.

Mzazi alisikiapo jina la Lodwar hushtuka. Huuliza khabari ya joto, ya maji, ya chakula na ya usalama. Masuali haya ni ya haki. Lakini liko suali moja ambalo wachache huliuliza: kijana huyu akishaondoka mtaani, dini yake itasimama juu ya nini?

Tuseme kweli. Mtoto wa Mombasa, Malindi au Lamu huamshwa alfajiri kwa adhana ya misikiti miwili mitatu, na asipoamka mama humgongea mlango. Ukiingia Ramadhani mtaa mzima umefunga. Siku ya Ijumaa wenzake wote wamevaa kanzu. Hii ni neema kubwa, lakini ndani yake mna hatari. Kijana aweza kufika umri wa miaka kumi na minane asiwe amesali hata siku moja kwa kuamua mwenyewe. Amesali kwa kuwa mtaa umesali. Mwaka wa kwanza wa chuo ndio mwaka ambao mtaa humwacha mkono, akabaki yeye na Mola wake.

Mtazameni Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alitengwa na baba yake akiwa mdogo, akauzwa, akalelewa katika nyumba ya wageni huko Misri. Milango ilipofungwa, hapakuwa na mzee wa mtaa wala jirani wa kumwonea haya. Kilichomzuia ni kumjua Mola wake. Elimu hiyo haitiwi katika sanduku la safari. Hutiwa moyoni tangu nyumbani.

Basi kijana, shika mambo haya.

La kwanza ni sala. Wako wanafunzi wanaodhani kuwa, maadamu wako mbali na kwao, wao ni wasafiri, wakawa wanapunguza na kukusanya sala muhula mzima. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, pasi na siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imemwondokea. Mwanafunzi wa Lodwar hana budi kusali rakaa nne, kufunga Ramadhani, na kuhudhuria Ijumaa. Tena asichukue majira ya sala ya Mombasa. Lodwar iko magharibi yetu, na jua lake huchwa baada ya la Mombasa; mwenye kufuturu huko kwa saa ya kwao amefungua kabla ya wakati.

La pili ni fedha. Kijana ambaye hakupata kushika zaidi ya nauli hupewa matumizi ya miezi mitatu kwa mara moja. Hapo ndipo kamari ya mipira, inayochezwa kwa simu, humvizia. Wenzake humwita mwerevu siku anayopata, na siku anayopoteza ada ya chuo hamwoni mtu. Mwenyezi Mungu ameiharimisha kamari pamoja na ulevi, na kuibadilisha jina hakuibadilishi hukumu. Ama mkopo wa riba, kijana asitie sahihi kabla ya kuwaendea wanazuoni. Lakini na sisi wazee tuone haya: kumwambia kijana kuwa riba ni haramu, khalafu tukamwacha bila senti, na huku harusi zetu za siku tatu zameza malaki, hiyo ni nasaha ya ulimi tu.

La tatu ni sahiba. Atafute msikiti wa mji wiki ile ile ya kufika, asingoje kuzoea. Na asiwadharau Waturkana kwa kuwa ni watu wa bara. Wao ndio wenyeji wake, na huenda hawajapata kumjua Mwislamu ila yeye. Akumbuke pia kuwa huko Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, kuna kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na humo wamo vijana waliosoma kwa dhiki asiyoijua yeye, na wengine wao wamefika vyuo vikuu.

Mashariki ya Lodwar, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, pana mahali paitwapo Eliye Springs. Maji ya ziwa lile ni ya magadi, na pande zote ni mchanga mkavu. Lakini papo hapo ufuoni zimetoka chemchemi za maji yanayonyweka, na kando yake imesimama mikoma, jamaa ya mti ambao kwetu twatoa miyaa ya kusukia mikeka. Ukame haukuiua mikoma ile, kwa kuwa mizizi yake imeyafikia maji. Na chemchemi haikugeuka magadi kwa kukaa jirani na ziwa, kwa kuwa ina chimbuko lake yenyewe chini ya ardhi.

Enyi wazazi, mwaka mmoja kabla ya safari acheni kumgongea mlango. Mwambieni ajiamshe mwenyewe, mwone. Akishindwa na huku mko naye, mna wakati wa kumfunza. Akishindwa akiwa Lodwar, hamtakuwa na khabari.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wake kwa waume, awape elimu yenye manufaa, na awarejeshe kwetu na dini yao. Amin.