Uliniuza kilo ngapi?

Vijana wenzangu, leo naungama kidogo hadharani.

Mkonge uliletwa huku Tanga mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo vikaja mashamba, reli za troli, korona, na manamba kutoka Kigoma hadi Songea. Babu yangu mmoja wao. Nailoni ilipoingia sokoni bei ikaanguka, na kambi yetu sasa ni magofu.

Mwaka juzi niling'oa kipande cha reli, nikakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Babu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, uliniuza kilo ngapi?"

Nikamkumbuka Nehemia. Kabla hajamwambia mtu neno, alizunguka usiku akikagua kuta zilizobomoka. Halafu watu wakajenga kwa mawe yaleyale ya kifusi, huku wakichekwa. Sisi tunasubiri kwanza mfadhili (haya, msinune).

Jumamosi baada ya misa, sisi VIWAWA wa kigango chetu tunafyeka makaburi ya manamba. Mengi hayana majina. Babu anayakumbuka baadhi; nimeshanunua daftari. Njoo na panga.