Jipya, Lakini Bado Linapigwa Msasa

Maandiko ya wiki: 2 Wakorintho 5:17, Wagalatia 6:1, Wafilipi 1:6



Paulo anawaambia Wakorintho kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya. Andiko hilo tunalijua kwa moyo, hata watoto wa Sunday School wanalisema. Lakini endelea kusoma barua hiyohiyo mpaka sura ya 12, mstari wa 20. Paulo anasema anaogopa akifika atakuta ugomvi, wivu, hasira na masengenyo. Ni kanisa lilelile! Je, alikosea kuwaita wapya? Hapana. Walikuwa wapya kweli, na kasoro walikuwa nazo kweli.

Wengi mnajua kwamba baada ya kuchanga kwa muda mrefu tulinunua gari la kututoa hapa Kitale mpaka kwa ndugu zetu wa Bungoma. Safari hii hatukuchukua mtumba kutoka Japani. Tulichukua jipya. Siku ya kulipokea nilienda na mweka hazina pamoja na ndugu mmoja wa kanisa ambaye ni fundi wa bodi na rangi. Ndani ya lile duka gari lilikuwa linang'aa kama kioo. Fundi akaomba litolewe nje, juani. Akachuchumaa, akalitazama kwa ubavu, akapitisha kidole taratibu.

Kwenye boneti kulikuwa na chembe ya vumbi iliyonaswa chini ya rangi. Mlango wa kuteleza, mwanya wake ulikuwa mpana juu kuliko chini. Bampa ya mbele, weupe wake haukuwa sawasawa na weupe wa bodi. Mweka hazina akashtuka: "Kwani hii ni mpya kweli? Si turudishiwe pesa zetu!"

Fundi akatueleza pole pole. Bodi ya gari kiwandani huchovywa kwenye dawa ya kuzuia kutu, halafu inapakwa tabaka baada ya tabaka na kuokwa kwenye tanuri. Tabaka zote hizo ukizijumlisha, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au kuzidi kidogo. Ndiyo maana punje moja ya vumbi ikiingia inaonekana. Bampa nayo ni plastiki, na mara nyingi hupakwa rangi mbali na bodi ya chuma, kwa hiyo rangi zinaweza kupishana kidogo. Kisha akafungua boneti, akalala chini akatazama chasi, akajaribu breki na stelingi, akaliendesha. Akasema: "Hizi ni za rangi tu. Ziandikwe kwenye fomu kabla ya kutia sahihi, warekebishe wao. Gari ni jipya, na ni zima."

Wapendwa, hapo nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, upya si ukamilifu. Angalia jinsi tunavyonunua magari. Wengi wetu tunanunua lililotumika, ambalo sheria ya Kenya inasema lisizidi miaka minane. Tukikuta mkwaruzo mlangoni tunasema, "Ah, ni mtumba," na maisha yanaendelea. Lakini likiwa jipya, punje ya vumbi inatunyima usingizi. Sasa hebu tujiulize kuhusu watu. Huyu kijana alipokuwa anakunywa chang'aa, nani alimkagua? Alitukana mchana kutwa na tukapita. Ameokoka juzi Jumapili, leo tumemtoa juani: suruali yake, nywele zake, sheng yake, jinsi anavyopiga makofi. Alipokuwa mtumba tulimvumilia. Mungu amemfanya mpya, tunataka kumrudisha dukani!

Pili, tofautisha rangi na breki. Fundi wetu hakusema kila kasoro ni sawa. Angekuta breki hazishiki, gari lisingetoka pale. Hata kanisani iko hivyo. Mtu kutojua kufungua kitabu cha Obadia, kuomba kwa maneno machache, kuvaa tofauti na wewe, hiyo ni rangi. Mume anayempiga mke wake, mama anayekula pesa za chama, kiongozi anayemnyemelea binti wa watu, hizo ni breki. Hizo hatuziombei tu na kunyamaza. Gari linasimama kwanza, watu washuke salama, na panapohitaji polisi, polisi waitwe. Hatari ni pale tunapogeuza mambo: tunamfukuza dada kwa sababu ya rangi ya nywele, huku mzee mwenye breki mbovu tunampa kipaza sauti kwa sababu amevaa suti safi. Bwana alimwambia Samweli kwamba mwanadamu hutazama sura ya nje, lakini yeye anatazama moyo (1 Samweli 16:7). Yaani Mungu anafungua boneti.

Tatu, kasoro ikionekana, ni ya kuitia msaada. Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa habari za Sakichi Toyoda wa Japani. Mtambo wake wa kufuma wa mwaka 1924 ulikuwa unasimama wenyewe uzi ukikatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Baadaye kampuni ya Toyota ikalipeleka wazo hilo kwenye magari. Mfanyakazi akiona kasoro, hata awe mdogo namna gani, anavuta kamba iliyo karibu naye. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anakuja mbio. Haji na barua ya kumfukuza mtu. Anakuja kuuliza shida iko wapi, tusaidiane vipi. Ikishindikana, kazi inasimama mpaka irekebishwe.

Sisi tukiona kasoro ya mwenzetu tunavuta simu. Dakika tano, kundi lote la WhatsApp linajua, isipokuwa mwenyewe! Wagalatia 6:1 inatuagiza tumrejeze aliyeteleza kwa roho ya upole, huku kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Kasoro ile ya boneti haikutolewa kwa nyundo. Ilitolewa kwa msasa laini sana na maji, kisha ikang'arishwa. Ukitumia nguvu unaitoa rangi yote.

Na anayegharamia ni nani? Ni aliyetengeneza. Waefeso 5 inasema Kristo alijitoa kwa ajili ya kanisa, alitakase, ili mwisho alilete mbele zake bila doa wala kunyanzi. Ni yeye anayeliosha, ni yeye anayelileta. Na Wafilipi 1:6 inatuhakikishia kwamba aliyeianza kazi hii ataimaliza. Waranti hiyo haiishi kwa miaka mitatu. Kwa hiyo na wewe unayejificha kwa sababu ya kasoro yako, usijipake rangi juu ya kutu. Toka nje kwenye mwanga, ionekane, iandikwe, mwenye kazi airekebishe.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wa Bungoma. Kuna kijana wa boda boda aliyeokoka kwenye mkutano wetu. Alikuja Jumapili tatu. Ya tatu, akaambiwa mlangoni kwamba koti lake linanuka petroli, akakae nyuma. Ya nne hakuonekana. Nimeuliza, hajarudi kwenye chang'aa. Bado yuko steji, anabeba abiria, na Jumapili asubuhi anatuona tukipita na Biblia zetu. Nimemtembelea na nitarudi. Lakini pastor mmoja hawezi kuwa kanisa kwa mtu. Anataka kuona kama ninyi mnamtaka.

Wiki hii fanya mambo mawili. Mtafute muumini mpya mmoja umkaribishe kwako kwa chai, bila mahubiri. Na kama kuna mtu uliyemsema vibaya, mwendee kabla ya Jumapili.

Tuombe: Baba, asante kwa kutufanya wapya na kutuvumilia tukiwa bado tunapigwa msasa. Tupe macho ya kuona breki, na upole wa kugusa rangi. Warudishe waliotoka kwa sababu yetu. Katika jina la Yesu. Amina.