Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Punguzo la mfanyakazi



Unafanya kazi panapouzwa sarafu za kumbukumbu. Mwajiri anakupunguzia bei. Unanunua kumi, jioni unaziuza mtandaoni kwa faida. Utasema, biashara ni halali, sijaiba.

Ibn al-Lutbiyya alitumwa na Mtume ﷺ kukusanya zaka, akarudi na zawadi akidai ni zake. Mtume akahoji: angekaa kwa wazazi wake, zingemfikia?

Jiulize hivyo hivyo. Mwajiri akijua na kuruhusu, faida ni yako, kula kwa raha. Lakini kama punguzo ni la matumizi yako tu, umevunja sharti na amana. Kama unaficha, moyo umeshajua.

Tangu alfajiri tumejizuia hata na chakula chetu cha halali. Tusije tukafuturu kwa cha shaka.