Bundi na Jicho la Mpiga Picha

Mwaka 1937, Mwingereza Eric Hosking alikuwa Wales akimpiga picha bundi kiotani. Hakuwa amefikisha miaka 30, lakini kazi aliijua: alikuwa na kibanda cha kujifichia kilichoinuliwa juu, karibu na kiota. Usiku mmoja, akipanda kwenda kibandani, bundi alimrukia usoni. Manyoya ya bundi hayavumi anaporuka, kwa hiyo hakuna sauti iliyomtahadharisha. Ukucha ulimchoma jicho la kushoto, jeraha likaoza, na madaktari wa London wakaling'oa jicho hilo ili kuliokoa la pili.

Aliendelea kupiga picha za ndege kwa miongo mingi, akawa maarufu. Lakini jicho halikurudi.

Wengi wetu tukisimuliwa kisa hiki husema ni ajali tu. Mimi naona yote yaliyomdhuru yalijulikana kabla hajapanda. Bundi wa aina ile hulinda kiota kwa makucha, hushambulia gizani, na hulenga kichwa. Ndiyo maana kisa hiki kinanitia hofu: kilimpata mtu mwenye ujuzi. Nami nikisimama mbele ya kiota na kamera mkononi, natamani kusogea hatua moja zaidi, na tamaa hiyo huziba masikio.

Kwetu mara nyingi anayeumia ni ndege mwenyewe, tena bila sisi kujua. Nenda misitu ya Usambara, umtazame hondohondo. Jike huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Humo huatamia, na chakula chote huletewa na dume. Sasa fikiria kundi la wapiga picha limesimama chini ya mti huo. Dume anafika na matunda, anawaona, anatua mti wa mbali. Anasubiri. Anaruka, anazunguka, anarudi kulekule mbali. Wapiga picha hufurahi kwamba amekaa mahali peupe na picha zinatoka nzuri! Kumbe ile ndiyo dalili yenyewe: jike na makinda wanakaa na njaa mle ndani kwa sababu yetu.

Ndege wengine nao wana namna zao za kutukataza. Bundi hugonganisha mdomo, ta-ta-ta, na kutanua mabawa. Mwingine hupiga kelele bila kukoma, au hujiburuta chini kama aliyevunjika bawa ili tumfuate tuache kiota. Mama aliyeruka kutoka kwenye mayai asiporudi, mayai yanapoa. Tukiziona dalili hizi, tuondoke hapohapo, hata kama picha haijapatikana.

Na tafadhali, tusikate matawi ili kiota kionekane vizuri. Majani yale ndiyo kivuli cha makinda, na ndiyo yanayowaficha wasionwe na kunguru, mwewe na kima. Sisi tutakuwa tumeshafika nyumbani, kiota kimebaki wazi.

Ukiongozwa na mwenyeji msituni, mwambie mapema, kabla hamjaanza kutembea, kwamba hutaki kupelekwa karibu na kiota. Wapo wanaowasogeza wageni kwa kuogopa kuwaudhi tu, na neno lako moja litamwondolea mzigo huo.